Kula Wali wa Jani la Mgomba Kuala Lumpur: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, wafanyabiashara na wasafiri wanaozungumza Kiswahili ambao wamefika Malaysia, wakapita mbele ya mgahawa wa Kihindi wenye majani ya mgomba mezani, kisha wakasita kuingia kwa kutojua utaratibu wake. Yanahusu hasa migahawa ya kifamilia ya Kuala Lumpur na mji jirani wa Petaling Jaya. Pale ambapo desturi za India Kusini au za Singapore zinatofautiana na za hapa, tumeeleza tofauti hiyo.

Mgahawa wa jani la mgomba ni mgahawa wa namna gani?

Ni mgahawa wenye mlo mmoja mkuu, nao ni wali unaopakuliwa juu ya jani bichi la mgomba badala ya sahani, pamoja na mboga tatu au nne, achari, papadamu (vile vikaango vyembamba vya unga wa dengu vinavyovunjika kwa urahisi) na michuzi ambayo mhudumu huja kuimimina mwenyewe. Wali, mboga na michuzi huongezwa kadiri mlaji anavyotaka bila malipo ya ziada, ilhali nyama, samaki na vitu vya kukaanga huagizwa na kulipiwa peke yake. Asubuhi na jioni mgahawa huohuo huweza kuuza mikate ya kukaangwa juu ya bamba la chuma, vitumbua vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke, na chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu hadi itoe povu, lakini mchana kila kitu hupisha wali.

Chakula hiki kilifikaje Malaysia, na mbona hakifanani na cha Wahindi wa Afrika Mashariki?

Hiki ni chakula cha Watamil wa India Kusini na majirani zao wa Kerala. Waingereza walipoitawala Malaya waliwaleta vibarua wengi wa Kitamil kufanya kazi katika mashamba ya mpira, reli na barabara, hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na nyuma yao wakafuata wafanyabiashara, makarani na wakopeshaji fedha wa jamii ya Chettiar. Leo raia wa Malaysia wenye asili ya India ni takriban asilimia 7 ya wananchi wote, na wengi wao ni Watamil. Mtaa wa Brickfields jijini Kuala Lumpur, ambako migahawa ya aina hii ni mingi, ulipata jina lake kutokana na matanuri ya matofali ya miaka ya 1880, wakati mji ulipojengwa upya kwa matofali baada ya nyumba za mbao na makuti kuteketea kwa moto. Baadaye ukawa makazi ya wafanyakazi wa reli, na mwaka 2010 serikali iliutangaza rasmi kuwa mtaa wa Wahindi.

Wahindi wa Afrika Mashariki walitoka kwingine. Wengi wana asili ya Gujarat, Kutch, Punjab na Goa, na hata vibarua walioijenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901 waliajiriwa kwa wingi kutoka Punjab. Ndiyo maana mtu aliyeizoea mikahawa ya Kihindi ya Kisutu jijini Dar es Salaam au Parklands jijini Nairobi, yenye chapati, bhajia, kachori na dengu nzito, huona kwamba hapa wali ndio mfalme, na kwamba ladha zinazotawala ni ukwaju, nazi, haradali na pilipili manga. Kwa maoni yetu, Mswahili wa Lamu, Pemba au Bagamoyo atajiona yuko nyumbani hapa upesi kuliko atakavyojiona mbele ya chakula cha Punjab, kwa sababu ameshalelewa na wali, tui, ukwaju na samaki.

Niende wapi, na saa ngapi?

Brickfields ndipo mahali rahisi pa kuanzia, kwa kuwa pako jirani na kituo kikuu cha treni cha KL Sentral. Bangsar na Petaling Jaya nako kuna migahawa inayojulikana sana. Ukivuka mpaka kwenda Singapore, barabara ya Race Course ina migahawa ya miaka mingi, ukiwamo Muthu's Curry ulioanza mwaka 1969 na The Banana Leaf Apolo ulioanza mwaka 1974.

Ama kuhusu saa, shauri letu ni uwe umeketi kabla ya saa sita na nusu mchana. Mboga hupikwa asubuhi, na katika mgahawa wa familia zikiisha zimekwisha. Atakayefika saa tisa alasiri atapewa wali na michuzi, lakini karela (lile tunda chungu la mboga) ya kukaanga, ambayo hukimbiliwa na watu wengi, itakuwa imeshamalizika. Saa saba ndiyo saa ya msongamano wa wafanyakazi wa ofisini, na siku za Ijumaa foleni huwa ndefu zaidi, kwa sababu Wahindu wengi hawali nyama siku hiyo na huja kwa ajili ya mlo wa mboga.

Nikishaketi, nini kitatokea?

Mambo huenda haraka, na mgeni asiyeelezwa mapema huweza kuchanganyikiwa, kwa hiyo tutaeleza hatua kwa hatua.

Kwanza, nenda kanawe. Sinki za kunawia huwa wazi ukutani, mara nyingi kwa nyuma, na hakuna anayekuja na birika na beseni mezani kama ilivyo kwetu. Ukirudi utakuta mhudumu ameshatandika jani mbele yako, upande wa juu wenye kung'aa ukiwa juu, na uti wake mnene ukipita kutoka kushoto kwenda kulia. Likiwa ni jani lenye ncha, ncha huelekezwa kushoto kwako, ili upande mpana ubaki karibu na mkono wa kulia unaofanya kazi. Migahawa mingi ya mjini hutumia vipande vilivyokatwa kutoka kwenye majani makubwa, ambavyo havina ncha, hivyo usishangae usipoiona. Wazee wengine hunyunyiza maji kidogo juu ya jani na kulipangusa kwa kiganja kabla ya kupakuliwa, na nawe unaweza kufanya vivyo hivyo.

Kisha huja mboga, ambazo huwekwa kwenye nusu ya juu ya jani, ng'ambo ya uti. Zitakuwa labda kabichi iliyopikwa kwa manjano na mbegu za haradali, maboga yaliyopondeka kidogo, biringanya au bamia, matango katika mtindi, na kando kabisa achari ya maembe au ya malimau. Baada yake huja wali, unaowekwa katikati ya nusu ya chini, karibu nawe. Hapo utaulizwa swali moja, nalo ni kama unataka mchele mweupe wa kawaida au ule uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa. Huu wa pili una punje nene zisizoshikana na hunywa mchuzi vizuri zaidi. Hata kama hujauzoea, uchague.

Anayefuata ni mtu wa michuzi. Amebeba mkononi kishikio cha chuma chenye vindoo vitatu au vinne vilivyofungamana, kila kimoja na upawa wake, naye husimama juu ya bega lako akisubiri jibu: kuku, samaki, kaa au dengu? Hiyo ni michuzi mitupu isiyo na vipande vya nyama, nayo haina bei. Chimba kishimo katikati ya wali kwa vidole ili mchuzi usitiririke hadi mapajani, kwa sababu jani halina ukingo wa kuuzuia. Papadamu huja mwishoni zikiwa bado na joto la mafuta, na aghalabu mhudumu hupita tena nazo kabla hujamaliza za kwanza.

Je, ni lazima kula kwa mkono?

Si lazima. Kijiko na uma hutolewa kwa anayeomba, na hakuna atakayekutazama vibaya. Hata hivyo jani halikutengenezwa kwa ajili ya vyuma: uma hulitoboa, kijiko hulikwangua, na mchuzi hupata njia ya kwenda mezani. Mkono unaotumika ni wa kulia, na mkono wa kushoto huachiwa bilauri na kijiko cha kupakulia cha pamoja. Anayetumia kushoto kwa maumbile na akaona taabu, aombe kijiko.

Kuna jambo moja dogo la adabu ambalo Waswahili hatuna shida nalo, lakini wageni wengine hulikosea. Chakula hushikwa kwa ncha za vidole na kusukumwa mdomoni kwa kidole gumba, bila kiganja kuchafuka. Ukimaliza, usilambe vidole kwa madaha, nenda sinkini.

Kwa nini jani, na je, ni safi?

Jani la mgomba lina nta juu yake, kwa hiyo maji na mafuta hayalipenyi. Ni pana, halivunjiki, halihitaji sabuni, na hutumiwa na mtu mmoja tu kisha likatupwa, jambo ambalo tangu zamani lilikuwa na uzito katika jamii za Kihindu zilizojali sana suala la nani amekula katika chombo kipi. Wali wa moto ukilikuta, jani hutoa harufu nyepesi ya ubichi inayoingia katika chakula, na mtu aliyewahi kula ndizi zilizofunikwa na kupikwa kwa majani yake, au luwombo ya Waganda, ataitambua harufu hiyo mara moja.

Kuhusu usafi, majani huletwa kwa mafungu, hukatwa na kuoshwa kabla ya kutandikwa. Likija na vumbi au limechanika, omba jingine. Ni ombi la kawaida kabisa. Utasikia pia watu wakidai kwamba jani hutia chakula dawa za kila aina. Sisi tunaona ladha na urahisi wake vinatosha kuwa sababu.

Michuzi ni mingi. Nianze na upi, nimalizie na upi?

Swali hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa wageni wengi humiminiwa mchuzi wa kuku juu ya wali wote mara moja, wakashiba ladha moja, na kuondoka bila kuujua mlo wenyewe. Mlo wa Kitamil huliwa kwa zamu, na wali hugawanywa ili kila zamu ipate sehemu yake.

Zamu ya kwanza ni ya sambari. Huu ni mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa na kuchemshwa hadi zikalainika, ukatiwa ukwaju, mboga kama maganda machanga ya mlonge, biringanya au karoti, bizari iliyosagwa, na mwishoni mafuta ya moto yenye haradali, pilipili kavu na mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali ambao bibi zetu waliujua zaidi kama dawa. Mbaazi, kwa njia, ni zao linalotuunganisha na jikoni hizi kuliko tunavyofikiri. India ndiyo mlaji mkubwa wa mbaazi duniani na hununua nyingi kutoka Msumbiji, Tanzania, Malawi na Kenya, na wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wanakumbuka jinsi bei ilivyoporomoka India ilipoweka ukomo wa kuziingiza mwaka 2017.

Zamu ya pili ni ya michuzi mizito, yaani wa samaki, wa kuku au wa kaa. Wa samaki ndio tunaoupendekeza: ni mwekundu, una ukwaju na uwatu, na uchachu wake huamsha mboga zote zilizo juu ya jani. Hapa ndipo papadamu inapovunjwavunjwa juu ya wali, na achari inapoguswa kwa ncha ya kidole tu, maana chumvi yake si ya mchezo.

Zamu ya tatu ni rasamu. Ni maji mepesi ya ukwaju, nyanya, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili manga, yanayochoma koo na kufungua pua. Unaweza kuyamimina juu ya wali uliobaki ukaula ukiwa majimaji, au kuyaomba katika kikombe cha chuma na kuyanywa. Mtu mwenye mafua hahitaji kuambiwa mara mbili.

Zamu ya mwisho ni ya moru, maziwa mgando yaliyozimuliwa kwa maji na kutiwa chumvi, tangawizi na majani ya giligilani, au mtindi wenyewe. Huchanganywa na konzi ya mwisho ya wali ili kuutuliza moto uliowashwa na wenzake. Kukiwa na payasamu, ambayo ni tambi au sago zilizopikwa kwa maziwa, sukari na iliki pamoja na korosho na zabibu kavu, huletwa katika kikombe kidogo. Kule India Kusini baadhi ya watu huimimina juu ya jani lenyewe na kuiokota kwa vidole kabla haijakimbia, ustadi ambao mgeni hana haja ya kuujaribu akiwa amevaa shati jeupe.

Je, niagize nyama au samaki?

Agiza kitu kimoja kwa watu wawili, si zaidi, kwa sababu mboga na michuzi ni mingi kuliko inavyoonekana mwanzoni. Vitu vya kukaanga huletwa kwenye sinia kubwa au hupangwa nyuma ya kioo, nawe huonyesha kwa kidole. Nyama ya mbuzi iliyokaushwa kwa viungo hadi mchuzi wake ukaganda juu ya vipande, ambayo Watamil huiita varuvali, ndiyo kipimo chetu cha mgahawa: ikiwa laini bila kuvunjika, na viungo vimeshika bila kuungua, jikoni kuna mtu. Kipande cha nguru kilichopakwa manjano na pilipili kisha kukaangwa nacho hakiharibiki kirahisi. Ngisi wa kukaanga huwa wagumu kama mpira wakipoa, kwa hiyo waagize tu ukiwaona wametoka jikoni sasa hivi.

Kichwa cha samaki katika mchuzi, ambacho ni maarufu zaidi Singapore, ni cha kuliwa na watu wanne au zaidi. Chakula hicho kilianzia Singapore katikati ya karne ya 20 mikononi mwa mpishi aliyetoka Kerala, aliyetambua kwamba wateja wake wa Kichina walikithamini kichwa cha samaki ambacho wengine walikitupa.

Kwa nini bili yangu ilikuwa kubwa kuliko ya rafiki yangu?

Karibu kila mara sababu ni vile vitu vya pembeni. Mlo wa mboga pekee kwa kawaida haufiki ringgit 20 (ringgit ndiyo sarafu ya Malaysia), pamoja na nyongeza zote. Kila kipande cha samaki, kila kibakuli cha nyama na kila kinywaji huandikwa peke yake. Kaa, kamba wakubwa na kichwa cha samaki huuzwa kwa ukubwa, hivyo bei yake iulizwe kabla ya kuagiza, na kuuliza si aibu. Vilevile, kibakuli kikiletwa mezani nawe hukukiomba, waambie wakirudishe kabla hujakigusa. Mhudumu hupita na sinia kwa wateja wote, na kunyamaza kwako huweza kuchukuliwa kuwa umekubali.

Malipo hufanyika kaunta wakati wa kutoka. Mhudumu huja kulitazama jani lako, huhesabu kwa macho, na kuandika jumla kwenye karatasi ndogo utakayoipeleka kwa mwenye kaunta. Bakshishi si desturi.

Je, chakula ni halali?

Jibu linategemea mgahawa, na ni vyema kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi. Migahawa mingi ya jani la mgomba inamilikiwa na Wahindu. Haiuzi nyama ya ng'ombe kwa sababu ya imani ya wenyewe, na kwa kawaida haiuzi nguruwe. Hilo peke yake halithibitishi namna kuku au mbuzi alivyochinjwa. Jambo la pili ni cheti cha halali cha JAKIM, idara ya serikali inayosimamia mambo ya Kiislamu. Migahawa yenye cheti hukibandika mahali pa wazi, lakini mingi ya kifamilia haijawahi kukiomba, hata pale inaponunua nyama kwa wachinjaji Waislamu. La tatu ni pombe, kwani baadhi yake huuza bia, na yenye kuuza bia haiwezi kupata cheti.

Mwislamu anayetaka uhakika ana njia mbili zilizo wazi: atafute mgahawa wenye cheti, au aende kwa Watamil Waislamu, ambao migahawa yao hujulikana kwa jina la mamak na mingi hukesha wazi. Baadhi ya hiyo nayo hutoa wali wa jani mchana. Kumuuliza mwenye mgahawa kwa upole nyama yake inatoka wapi ni jambo linalokubalika. Malaysia ni nchi ambayo swali hilo huulizwa kila siku.

Mimi sili nyama, au nina mzio. Nichukue tahadhari gani?

Sema mapema, kabla ya mtu wa michuzi kufika, kwa maana asipoambiwa atamimina mchuzi wa kuku kwa nia njema kabisa. Mlo wa mboga ndio asili ya chakula hiki, hivyo hutapungukiwa. Kule Kerala, karamu ya sikukuu ya Onam hupangwa juu ya jani ikiwa na vyakula zaidi ya 20, vyote bila nyama. Asiyetumia maziwa ajihadhari na samli, mtindi, moru na payasamu. Mwenye mzio wa ngano ajue kwamba mvuje unaouzwa madukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na mvuje humo ndani ya sambari na rasamu. Haradali imo karibu katika kila mboga, na korosho zimo katika vitamu. Mzio wako ukiwa wa hatari, zungumza na mwenye mgahawa badala ya mhudumu, kwa kuwa wahudumu wengi ni wageni waliotoka India na huenda mkapishana lugha.

Nifanye nini na jani nikimaliza?

Likunje katikati kuelekea kwako, uti ukiwa mkunjo, ili nusu ya juu ifunike ya chini. Nchini Malaysia hiyo ni ishara kwamba umeshiba na umeridhika. Kulikunja kuelekea upande wa pili, mbali nawe, huchukuliwa na wengi kuwa ishara ya kutoridhika, na katika familia nyingi za Kitamil ni namna inayofanywa msibani. Zipo sehemu za India ambako tafsiri ni tofauti, na mwenye mgahawa hatamkasirikia mgeni kwa kukosea.

Jani lililokunjwa lina kazi nyingine pia: huwaambia wahudumu waache kuongeza. Kama bado unakula lakini hutaki zaidi, tandaza kiganja juu ya jani wakati ndoo inapokaribia. Kusema tu "inatosha" kwa lugha yoyote hakusaidii sana, kwa sababu katika desturi hii mwenyeji hutarajiwa kusihi na mgeni kukataa mara ya kwanza. Nani kati yetu hajawahi kuongezewa ubwabwa na shangazi aliyeambiwa waziwazi kwamba tumbo limejaa?

Nimwite vipi mhudumu au mwenye mgahawa?

Watu wa huku humwita mhudumu mwanamume "anne", yaani kaka mkubwa, na mwanamke "akka", dada mkubwa, bila kujali nani kamzidi mwenzake umri. Ukitumia maneno hayo utaona uso ukifunguka. Katika mgahawa wa familia si ajabu baba akawa kaunta, mama akawa anaonja kila sufuria jikoni, na mtoto akaja kusaidia baada ya shule au kazi. Faida yake ni kwamba chakula hakibadiliki ovyo. Hasara yake ni kwamba familia ikiwa na harusi, msiba au safari ya hekaluni, mlango hufungwa. Siku ya Deepavali, ambayo sisi tumezoea kuiita Diwali, migahawa mingi ya Wahindu hufungwa, na wakati wa Thaipusam, sikukuu nyingine ya Wahindu wa Kitamil, uliza kabla ya kwenda.

Watoto wangu hawawezi pilipili. Watakula nini?

Wali, dengu, kabichi, matango ya mtindi na papadamu havina ukali mkubwa, na migahawa mingi hukubali mtoto mdogo ale kwenye jani la mzazi bila malipo ya ziada, mradi umeuliza. Wakiwashwa na pilipili, wape mtindi au moru. Maji baridi hayasaidii.

Naweza kubeba chakula nyumbani?

Ndiyo, ila nyongeza za bure huishia mezani. Mlo wa kubeba hufungwa katika karatasi ya kahawia iliyotandikwa kipande cha jani, na michuzi hutiwa katika mifuko midogo ya plastiki iliyofungwa kwa mpira. Kula ndani ya saa chache, hasa vyenye nazi. Mabaki ya mlo ulioula mgahawani hayafungwi, kwa sababu yameshaguswa kwa mkono na kuchanganyika.

Je, mlo huu unaweza kuandaliwa nyumbani Afrika Mashariki?

Unaweza, na karibu kila kitu kinapatikana sokoni: mbaazi zilizokobolewa, ukwaju, manjano, giligilani, uwatu, bizari nyembamba, nazi na karela. Mvuje na haradali nyeusi utavipata katika maduka ya viungo ya Wahindi. Chagua jani lililokomaa lakini ambalo halijaanza kuwa la manjano, kwani changa sana huchanika na la zamani hukakamaa. Lioshe, lipanguse kwa kitambaa kufuata mistari yake, kisha lipitishe juu ya moto mdogo kwa nukta chache hadi rangi iwe ya kijani kibichi iliyokolea. Likipata joto hilo halitapasuka wakati wa kulikunja. Pika sambari na achari siku moja kabla, kwa kuwa zote mbili hunoga zikilala, lakini mboga na rasamu ziache zipikwe siku ileile. Mchele pima mara moja na nusu ya ule unaowapikia wageni wako siku zote, na mteue mtu mmoja asiyekula na wenzake, ambaye kazi yake ni kuzunguka na sufuria hadi jani la mwisho likunjwe.